Mchezaji Aliyeumia Asiharakishwe, Wala Asitupwe

WAPENZI wa mpira wa kikapu hapa visiwani wana desturi moja ambayo majirani zao hawaifurahii. Hukesha. Michezo mingi ya ligi kuu ya Marekani, ile iitwayo NBA, huchezwa wakati sisi huku tumo katikati ya usiku, na mara nyingi kelele za vijana waliokusanyika mbele ya televisheni hukatizwa na adhana ya alfajiri. Twakumbuka namna desturi hiyo ilivyopata nguvu mwaka 2009, pale kijana wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, alipochaguliwa wa pili miongoni mwa wachezaji wapya wote walioingia katika ligi hiyo mwaka ule. Hata wazee wasiojua kanuni za mchezo wenyewe walikuwa wakiuliza asubuhi barazani nani kashinda.

Kinachowakesha vijana hao, tukisema kweli, ni wale warukao. Ni yule mwenye kupaa kama mwewe na kuuzamisha mpira kikapuni kwa mikono miwili. Hatuwalaumu, kwani hata sisi tunaoandika safu hii tuliwahi kuwa na umri huo. Lakini leo tungependa kuwaomba wasomaji wetu, na hasa viongozi waliokabidhiwa dhamana ya michezo, wawatazame watu wa namna nyingine katika ligi hiyo hiyo: wale waliokwisha kupita au kukaribia miaka 30, wakakatika kano za goti au za kisigino, wakapasuliwa, wakarudi uwanjani bila ya mbio wala mruko waliokuwa nao zamani, na bado wakafunga, wakalinda na wakashinda. Habari zao zinatuhusu sisi wa Unguja na Pemba kuliko inavyodhaniwa.

Aghalabu watangazaji hutuambia kwamba watu hao walirudi kwa sababu ya moyo. Kila anayerudi ana moyo wa simba, na kila asiyerudi huachwa bila ya kutajwa, kana kwamba yeye moyo wake ulikuwa wa kuku. Sisi hatukubaliani na maelezo hayo. Moyo wanao hata wale ambao hawakurudi. Tukizichunguza habari zenyewe tunaona kwamba aliyerudi vizuri ni yule aliyepewa muda, akakubali kuifanya kazi yake kwa njia nyingine, na akakuta klabu iliyokuwa tayari kumpa kazi hiyo nyingine. Katika mambo hayo, la pili tu ndilo lililo mikononi mwa mchezaji. Yaliyobaki yamo mikononi mwa viongozi.

Kwanza hatuna budi kueleza maradhi yenyewe, maana si kila msomaji amewahi kuumia. Mpira wa kikapu ni mchezo wa kuruka na kusimama ghafla. Mchezaji hukimbia kwa kasi, hukita mguu, hubadili upande, hupanda juu, hutua, na hurudia hayo tena na tena katika mchezo ambao kwa Wamarekani huchukua dakika 48. Kila anaporuka, nguvu ya msuli wa shavu la mguu hupitia katika kano moja nene iliyo nyuma ya kisigino, ambayo madaktari huiita kano ya Achilles. Ikikatika, aliyekatikiwa mara nyingi hugeuka nyuma kumtafuta mtu aliyempiga teke, kumbe hapana mtu. Goti nalo lina kano ndani yake zinazolishika lisichomoke wakati mguu umekitwa na kiwiliwili kinageuka. Moja ya hizo ikikatika, mtu huweza kutembea baada ya uvimbe kushuka, huweza hata kukimbia kwa kunyooka, lakini siku atakayojaribu kugeuka ghafla goti humtoka na humwangusha.

Upasuaji wa zama hizi huweza kuziunga kano hizo. Hata hivyo, kano iliyoungwa haiwi lazima sawa na ile aliyozaliwa nayo mtu, na mwili wa miaka 33 hauponi kwa kasi ya mwili wa miaka 20. Kitu kinachopotea mara nyingi ni kile ambacho mtazamaji hakioni: hatua ya kwanza. Ni ile hatua moja ya ghafla inayomwacha mlinzi nyuma. Mchezaji aliyeipoteza hatua hiyo, akiendelea kucheza kama kwamba bado anayo, hujikuta kila mara yu mbele ya kifua cha mlinzi, mpira mkononi na njia imefungwa.

Basi mkongwe mwenye akili hufanyaje? Hutafuta pointi zake mahali pasipodai hatua hiyo. Husogea karibu na kikapu na kumpa mlinzi mgongo, ili ugomvi uwe wa nyonga na mabega badala ya kuwa wa mbio. Hujifunza kujirudisha nyuma anaporusha, hata mkono wa mlinzi usimfikie ingawa mlinzi huyo anaruka juu kuliko yeye. Hujifanya anarusha ilhali harushi. Mlinzi kijana huruka, naye humngojea atue ndipo arushe. Au hutoka nje kabisa, akasimama nyuma ya mstari wa pointi tatu, na kungoja wenziwe waliochangamka wawavute walinzi ndani. Katika ulinzi naye huacha kumfukuza mpinzani. Hutangulia kusimama pale anapojua mpinzani atapita, jambo linalodai macho na kumbukumbu zaidi ya mapaja. Hupunguza dakika zake. Hutua kwa miguu miwili. Haya yote kijana anaweza kuyafanya, lakini hayafanyi, kwa kuwa bado hajayahitaji.

Tuchukue habari ya Bernard King, ambayo kwa maoni yetu ingefaa isomwe na kila kiongozi wa klabu. Katika msimu wa 1984–85 mtu huyu, akiichezea New York, aliongoza ligi nzima kwa kufunga wastani wa pointi 32.9 kwa mchezo. Mwezi Machi 1985, huko Kansas City, alikuwa akirudi mbio kumzuia mpinzani. Akakita mguu wa kulia ili aruke, na goti likakatika kano. Alikuwa na miaka 28. Wakati huo watu wa mchezo waliamini kwamba jeraha la namna ile ndio mwisho, na walikuwa na sababu ya kuamini hivyo, maana walikuwa hawajaona nyota wa kiwango chake aliyekatika kano ile akarudi kuwa nyota tena.

King hakuharakishwa. Alipasuliwa, kisha akajifungia kwenye mazoezi ya kila siku pamoja na mtaalamu wa viungo, mazoezi ya kuchosha yasiyokuwa na watazamaji wala vigelegele. Msimu mzima wa 1985–86 hakucheza hata mchezo mmoja. Msimu uliofuata nao ulikaribia kumalizika bila yake, hata alipotokea mwezi Aprili 1987 na kucheza michezo sita ya mwisho. Hiyo ni zaidi ya miaka miwili. Na hata baada ya subira hiyo yote New York hawakuendelea naye. Washington ndio waliomchukua.

Sasa msomaji atazame hesabu inayofuata, kwani ndiyo iliyotufanya tuandike. Msimu wake wa kwanza Washington alifunga wastani wa pointi 17.2. Wa pili, 20.7. Wa tatu, 22.4. Wa nne, yaani 1990–91, akiwa amefika miaka 34, alifunga wastani wa 28.4 na akachaguliwa tena katika timu ya nyota wa ligi nzima. Haikuwa ajabu ya usiku mmoja. Ilikuwa ni kupanda kidogo kidogo kwa mtu anayejifunza upya kazi yake, katika klabu iliyomwacha ajifunze. Silaha yake tangu zamani ilikuwa wepesi wa kuuachia mpira: aliupokea mgongo ukiwa kwa mlinzi, akageuka, na mpira ukatoka mkononi kabla mlinzi hajaikusanya miguu yake. Mbio za mashambulizi ya ghafla zilipungua baada ya upasuaji, lakini wepesi ule wa mikono haukuwa umewekwa gotini, wala ujuzi wa kuchagua mahali pa kusimama. Lau kama angehukumiwa kwa msimu ule wa kwanza wa pointi 17, kama tunavyowahukumu watu wetu kwa wiki mbili, hayo mengine yasingalionekana.

Dominique Wilkins wa Atlanta alikatika kano ya kisigino Januari 1992 akiwa na miaka 32. Huyu alikuwa bingwa wa kuruka, mshindi mara mbili wa mashindano ya kuzamisha mpira, mwaka 1985 na 1990; kwa hiyo alikatika pale pale palipokuwa na riziki yake. Msimu uliofuata alirudi akarusha kutoka mbali mara nyingi kuliko alivyokuwa amezoea, na akafunga wastani wa pointi 29.9. Katika ligi nzima aliyemzidi ni Michael Jordan peke yake. Habari yake ni nadra, na hatuitoi kama kipimo cha watu wengine.

Kipimo bora pengine ni Arvydas Sabonis, Mlithuania mwenye urefu wa mita 2.21, ambaye kano ya kisigino ilimkatika mara mbili angali kijana. Mwaka 1988 alikuwamo katika timu ya Urusi ya Kisovieti iliyotwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul, lakini alipoingia ligi ya Marekani mwaka 1995, katika timu ya Portland, alikwisha kuwa na miaka 30 na miguu yake ilikuwa ya mzee. Hakuweza kukimbia na vijana wale. Basi alisimama. Alisimama karibu na mstari wa mitupo ya adhabu, mpira ameuinua juu ya vichwa vya watu, akiangalia nani anapita chini ya kikapu, na pasi zikatoka mikononi mwake kupitia nyuma ya mgongo au katikati ya walinzi wawili. Pale alipoachwa peke yake alirusha kutoka mbali, jambo ambalo watu wa urefu wake walikuwa hawalifanyi sana wakati ule. Walioingia uwanjani kumwona jitu wakamkuta fundi wa saa.

Tunakuja sasa kwenye upande mchungu wa habari hii, ambao ndio unaowahusu zaidi wenye mamlaka.

Kobe Bryant wa Los Angeles hakungoja aumie ndipo ajifunze. Mwaka 2009, alipokuwa amefika miaka 31, alimwendea Hakeem Olajuwon, Mnigeria aliyekuwa bingwa wa kucheza akiwa na mgongo kwa kikapu, akaomba afundishwe namna ya kuiweka miguu. Twataka vijana wetu walisikie hilo: mtu ambaye tayari alikuwa na ubingwa mara nne alikwenda kusomeshwa na Mwafrika mstaafu. Lakini Aprili 2013, timu yake ikihangaika kutafuta nafasi ya kuingia hatua ya mtoano, alikuwa akicheza karibu dakika zote 48, mchezo baada ya mchezo, naye ana miaka 34. Tarehe 12 ya mwezi huo kano ya kisigino ikakatika. Aliinuka, akaenda mstarini, akarusha mitupo yake miwili ya adhabu, yote ikaingia, kisha akatoka uwanjani kwa miguu yake mwenyewe. Picha hiyo imesifiwa dunia nzima. Sisi tunapoitazama tunajiuliza pia nani alikuwa akizihesabu dakika zake.

Alirudi Desemba mwaka huo huo, kabla miezi minane haijatimia. Alicheza michezo sita. Katika mchezo wa sita alivunjika mfupa karibu na goti, na msimu ukawa umekwisha. Hatudai kwamba haraka ndiyo iliyomvunja. Hilo ni la madaktari kulisema. Mwaka 2015 bega nalo likachanika. Aliaga mwezi Aprili 2016 kwa kufunga pointi 60 katika mchezo wake wa mwisho, usiku ambao hata waliokuwa hawampendi walisimama kumpigia makofi. Lakini alihitaji kurusha mara 50 ili azipate, na mchezo mmoja wa kuaga si sawa na msimu.

Habari ya Kevin Durant ilikwenda kinyume chake. Juni 2019, katika fainali, Durant alikuwa nje kwa karibu mwezi mzima kwa maumivu ya msuli wa shavu la mguu wa kulia. Timu yake ya Golden State ilikuwa imefungwa michezo mitatu kwa mmoja, na mchezo mmoja zaidi ukipotea ubingwa umekwenda. Akarudishwa. Alicheza dakika 12, akafunga pointi 11, na kano ya kisigino cha mguu ule ule ikakatika. Usiku huo kiongozi wa masuala ya mchezo wa klabu hiyo alitoka mbele ya waandishi wa habari, machozi yakimlenga, akasema kwamba ikiwa ni lazima apatikane mtu wa kulaumiwa, basi alaumiwe yeye. Tumekuwa tukifuatilia michezo ya hapa kwetu kwa miaka mingi, na hatukumbuki hata mara moja kumsikia kiongozi akisema maneno ya namna hiyo.

Baada ya hapo haraka ilikoma. Klabu yake mpya, Brooklyn, ilimlipa msimu mzima wa 2019–20 bila ya kumchezesha hata dakika moja. Alirejea Desemba 2020, miezi 18 baada ya kuumia, akiwa na miaka 32, na msimu huo alifunga wastani wa pointi 26.9, huku zaidi ya nusu ya mitupo yake ikiingia. Ni kweli kwamba Mwenyezi Mungu alimjaalia urefu na mtupo unaotoka juu sana, hata akawa hahitaji kuruka kama wengine. Lakini urefu huo alikuwa nao hata katika ule mwezi wa Juni.

Wako pia wale ambao kubadilika kwao kulikuwa kukubali cheo kidogo. Grant Hill alikuwa nyota wa Detroit mwenye wastani wa pointi 25.8 alipoumia kifundo cha mguu wa kushoto mwaka 2000, akaendelea kucheza hatua ya mtoano akiwa na maumivu, hata kikamshinda kabisa. Alihamia Orlando, na katika misimu minne iliyofuata alicheza michezo 47 tu kwa jumla, kati ya zaidi ya 300 iliyochezwa na timu yake. Mwaka 2003 alipata uambukizo baada ya upasuaji, akakaribia kufa. Mtu huyo alikuja kwenda Phoenix, akaacha kuwa wa kwanza kufunga, akajifanya mlinzi wa kumkaba mfungaji mkubwa wa kila timu pinzani, na msimu wa 2008–09, ana miaka 36, akacheza michezo yote 82 kwa mara ya kwanza tangu aingie katika ligi hiyo. Aliacha mwaka 2013 akiwa na miaka 40. Naye marehemu Bill Walton, aliyekuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 1978 na ambaye miguu yake ilimlaza misimu mitatu mizima, alikubali mwaka 1985 kwenda Boston kukaa benchi nyuma ya mchezaji mwingine, akiingia kwa dakika chache za kila mchezo. Mwaka uliofuata alipewa tuzo ya mchezaji bora wa akiba, na timu yake ikatwaa ubingwa. Mtu aliyewahi kuwa wa kwanza katika ligi nzima alikubali kuwa wa sita katika timu yake.

Tunajua pingamizi litakalotolewa, na tungependa kulijibu kabla halijatufikia. Itasemwa kwamba hao ni watu wa mamilioni ya dola, wenye madaktari wao na mashine zao, na sisi ni watu wa ridhaa tunaochangishana nauli ya kuvuka kwenda Pemba. Ni kweli. Lakini hoja hiyo, ikifikiriwa vizuri, inageuka na kumuuma aliyeitoa. Mchezaji wa Marekani akiumia, mkataba wake unamlisha. Mchezaji wetu ni mchukuzi bandarini, ni mvuvi, ni mwalimu wa skuli, ni fundi seremala. Goti analochezea jioni ndilo analopandia ngazi asubuhi na gunia begani. Likikatika, hakipotei kikombe tu. Hupotea na unga wa nyumbani. Basi ni nani kati ya wawili hao anayestahili kuharakishwa kurudi uwanjani?

Tunamfahamu mchezaji mmoja, ambaye hatutamtaja jina lake wala la klabu yake, aliyeumia goti siku chache kabla ya mchezo wa kugombea kikombe. Alichuliwa kwa mafuta ya nazi, akafungwa kitambaa. Aliyemwona hospitali alimwambia asikanyage uwanja kwa muda usiopungua wiki sita. Siku ya mchezo kiongozi wake alimshika bega akamwambia, "Mwanangu, kaza goti, leo ndio leo." Naye, kwa adabu aliyolelewa nayo, akaitikia, "Sawa, mzee." Kipindi cha pili hakikufika nusu. Kazi ya bandarini imemshinda tangu siku hiyo. Sasa anauza juisi ya miwa. Jioni hufika uwanjani, husimama karibu na mstari wa mitupo ya adhabu, na vijana wanaomwita Babu, ingawa hajafika miaka 40, humpa mpira. Tumemwona kwa macho yetu akiwalisha pasi ambazo hawakujua kama wamejiweka mahali pa kuzipokea. Klabu yake inacheza kila mwaka na haijawahi kumwita, si kwa dakika tano za kuingia timu ikizidiwa, wala kwa kuwafundisha wadogo. Kiongozi yule bado ni kiongozi.

Haya yametokea kwetu wenyewe, na hayakuhitaji dola kuyazuia. Yalihitaji mtu mmoja mwenye cheo aheshimu neno la mtu wa hospitali. Tunapendekeza kwa hiyo kwamba kanuni za ligi zetu, kuanzia za vijana mpaka za daraja la juu, ziwe na kifungu kinachosema wazi kwamba mchezaji aliyezuiliwa na daktari hachezi, na klabu itakayomchezesha ipoteze pointi za mchezo huo. Isiwe hiari ya kocha wala ya mchezaji mwenyewe, maana mchezaji ukimwuliza atakwambia yu mzima. Hata Durant alisema yu tayari.

Jambo la wataalamu wa mazoezi ya viungo ni gumu zaidi, na hatutaki kulifanya jepesi. Upasuaji bila ya mazoezi ya baadaye ni nusu ya tiba, na pengine si hata nusu. Bernard King alipasuliwa kwa muda mfupi, akafanya mazoezi kwa miaka miwili. Watu wenye ujuzi huo ni wachache mno kulinganisha na mahitaji ya visiwa vyetu, na hao wachache wanangojewa pia na wagonjwa wa kiharusi, waliovunjika kwa ajali za pikipiki, na watoto waliozaliwa na ulemavu. Hatusemi wachezaji wapewe kipaumbele mbele ya hao. Twasema idadi yao iongezwe, na kwamba katika kila wilaya walimu wachache wa michezo wa skuli wafundishwe angalau mazoezi ya mwanzo: kuimarisha paja, kujifunza kutua, kujua ni uvimbe gani usiopaswa kuchuliwa. Gharama zake ni ndogo, na faida yake itawafikia hata wasiogusa mpira.

Viwanja navyo vitazamwe. Vingi ni vya saruji, vyenye nyufa na mchanga juu yake, ambako mguu huteleza pale ulipotakiwa kukita na hukwama pale ulipotakiwa kuteleza. Kufagia hakungoji bajeti.

Na kwa wachezaji wenyewe, hasa wale walioanza kusikia goti likilia wanapopanda ngazi, tungependa kusema nao kama ndugu. Wengi wenu mnaacha mchezo kwa haya, mkiona ni aibu kuonekana mnacheza polepole mbele ya watu waliowaona mkipaa. Sabonis alicheza polepole mbele ya mamilioni. Ombeni dakika kumi badala ya arubaini. Jifunzeni kurusha mkiwa mmesimama. Wafundisheni hao vijana kujifanya wanarusha, maana tumewaona wanavyodanganywa na kila mlinzi anayetikisa bega.

Kanuni za ligi ya mwakani bado hazijachapwa, na kifungu tulichokitaja hakizidi mistari miwili. Tungependa kusikia kutoka kwa wahusika kama watakiingiza, na kama hawatakiingiza, kwa sababu gani. Safu hii iko wazi kwa jibu lao, nasi tutalichapa kama litakavyokuja.